Kamera ya nyuma imegoma? Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

FundiWaUani

Wakuu, habari za wikiendi.

Kila mara naona mtu anaingia humu kuuliza bei ya kamera ya nyuma kwa sababu ya kwake "imekufa". Ukimuuliza amejuaje, jibu ni kwamba fundi amesema. Fundi naye hakupima kitu: aliingiza rivasi, skrini ikawa nyeusi, akatoa hukumu. Mwenye gari ananunua kamera mpya, inafungwa kwenye waya zilezile zilizooza, mvua ikinyesha kidogo yuko palepale.

Nafanya kazi ya umeme wa magari, na kwa haya magari yetu ya kutoka Japani, IST, Noah, X-Trail, Forester, Demio, mara nyingi nakuta kamera yenyewe ni nzima. Kinachokufa ni waya, hasa pale unapopita kwenye bawaba za mlango wa nyuma, au hasi iliyofungwa juu ya rangi, au redio ya Android iliyowekewa aina ya kamera isiyo yake. Vyote hivyo unavipata ukiwa nyumbani kwa maltimita (mita ya kupimia umeme) ya kawaida, bisibisi na mtu mmoja wa kukusaidia.

Tuanze na njia ya umeme, maana ukiishika hiyo mengine yanajileta. Ukiingiza R, swichi iliyoko kwenye giaboksi inaruhusu volti 12 ziende kwenye taa nyeupe za nyuma. Kamera nyingi zinazofungwa mtaani, waya wake mwekundu umeungwa kwenye taa hiyo na mweusi umefungwa kwenye bodi. Picha inakwenda mbele kwa kebo yenye kichwa cha njano cha RCA. Halafu kuna waya mwembamba, mara nyingi mwekundu, unaochomoza ubavuni mwa kebo hiyo. Kazi yake ni kuiambia redio kwamba gari limeingia rivasi ili ibadili skrini. Nyuma ya redio za Android mlango wake huandikwa BACK au REVERSE. Kwenye redio nyingine nyingi ni waya wa zambarau wenye mstari mweupe.

Kwa hiyo kuna mambo matatu yasiyofanana: taarifa, umeme na picha. Skrini ndiyo inayokuambia lipi limekosekana.

Ukiingiza R na redio ikaendelea na muziki wake kama vile hujafanya kitu, tatizo ni taarifa. Kamera usiiguse. Mwambie mtu asimame nyuma aangalie kama taa nyeupe zinawaka. Zote mbili zikiwa hazijawaka, hii si kesi ya kamera kabisa: tazama fyuzi ya taa za rivasi, kisha swichi ya giaboksi. Taa zikiwaka na redio ikabaki kimya, ule waya mwembamba umekatika au umechomoka, upande wa nyuma au nyuma ya redio.

Skrini ikibadilika lakini ikawa nyeusi, bluu, au ikaandika hakuna signali, taarifa imefika. Kilichokosekana ni umeme wa kamera au njia ya picha. Hapa ndipo watu wengi wanauziwa kamera bila sababu. Ukiwa na redio ya Android, kabla ya kufungua hata skrubu moja ingia kwenye mipangilio ya kamera. Redio za sasa zinauliza kamera yako ni CVBS (picha ya kawaida) au AHD (picha ya ubora wa juu), na kama ni AHD, ni 720 au 1080. Ukiweka AHD wakati kamera ni ya kawaida, skrini itakuwa nyeusi au picha itachanika, na hakuna waya utakaoutengeneza ukamaliza hilo. Kwenye baadhi ya redio mpangilio huo umefichwa kwenye ukurasa wa kiwandani unaodai namba ya siri. 8888, 126 na 3368 ni kati ya zinazotumika sana. Badilisha kipengele cha kamera peke yake, mengine yaacheni, maana humo ndani kuna vitu vinavyoweza kuivuruga redio nzima.

Picha ikija na mistari inayotambaa, au ikitetemeka injini ikiwaka tu, shuku hasi kwanza. Fundi aliyefunga huenda alibana waya mweusi kwenye skrubu iliyokaa juu ya rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga upya, paka grisi kidogo kuzuia kutu. Picha ikiwa kama ya kioo, kulia ikawa kushoto, angalia waya wa kamera karibu na kichwa chake: nyingi zina vitanzi viwili vidogo vya waya. Kimoja kikikatwa picha inageuka, kingine kikikatwa ile mistari ya kuegeshea inaondoka. Rangi za vitanzi hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma kikaratasi chake kabla ya kushika mkasi.

Sasa kupima. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, matofali mbele na nyuma ya tairi. Swichi iwe ON, injini imezimwa, gia kwenye R. Weka maltimita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye waya mwekundu wa kamera na nyeusi kwenye mweusi wake. Usipime hasi kwenye bodi, pima kwenye waya mweusi wa kamera yenyewe, kwa sababu huo ndio unaoutilia shaka. Unatakiwa upate volti zinazokaribia za betri, kama 12 hivi.

Hapa naomba msikilize vizuri, maana ndipo hata mafundi wazuri wanapotelezea. Maltimita haivuti umeme wa maana. Waya ukibaki na uzi mmoja wa shaba, mita itakuonyesha 12 safi na utaamini waya ni mzima. Chukua balbu ndogo ya wati 5, ile ya pembeni, iunge mahali pa kamera. Inavuta kama ampea 0.4, zaidi ya kamera ya kawaida. Ikiwaka vizuri na volti zikabaki juu, umeme wako mzuri. Ikififia, au volti zikaporomoka, waya umeoza mahali, tafuta.

Umeme ukiwa sawa, nenda kwenye kebo ya picha. Chomoa ncha zote mbili. Weka mita kwenye mlio: pini ya kati kwa pini ya kati ilie, ganda la nje kwa ganda la nje lilie, na kati ya pini na ganda kusiwe na mlio wowote. Ukisahau kuchomoa upande wa redio utasoma kama omu 75 kati ya pini na ganda. Hiyo si hitilafu, ni redio yenyewe.

Na kama unataka kuihukumu kamera peke yake, itoe uipeleke sebuleni. Televisheni yenye tundu la AV la njano, betri ya 12 ya sola au ya pikipiki, basi: mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, njano kwenye televisheni. Picha ikitokea, kamera ni nzima. Kamera ya AHD haitaonekana kwenye tundu hilo, kwa hiyo msiihukumu hivyo.

Tahadhari mbili kabla sijanyamaza. Magari yenye redio ya asili ya Japani, msitoe tamino ya betri wala fyuzi ya redio kama hamna namba za kuifungulia. Nyingi za Toyota zinajifunga umeme ukikatika na mtaanza safari nyingine. Na mwenye haibridi (gari la petroli na umeme), waya wowote wa rangi ya chungwa usiguswe. Kwenye gari kama Aqua betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, karibu kabisa na njia mnayopitisha waya za kamera.

Karibuni kwa maswali. Andika aina ya gari, aina ya redio, na skrini inaonyesha nini hasa.

ZiwaniMwanza

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi nina Noah. Picha inakuja ikipenda. Kuna siku inaonyesha vizuri, siku nyingine skrini nyeusi. Nimegundua nikifungua mlango wa nyuma nikaubamiza, inarudi. Fundi wa hapa amesema kamera imechoka ninunue nyingine.

FundiWaUani

@ZiwaniMwanza usinunue chochote kwanza. Kuubamiza mlango hakuifufui kamera, kunagusanisha waya uliokatika. Juu ya mlango wa nyuma, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo unaounganisha bodi na mlango. Ndani yake zinapita waya zote za mlango: taa ya namba, kufuli, waipa, na kamera yako. Kila ukifungua na kufunga zinajikunja palepale. Plastiki ya waya ikishazeeka kwa joto inapasuka, kisha shaba inakatika uzi mmoja mmoja.

Uchomoe ule mpira pande zote mbili. Una midomo iliyoshikwa na vijino, tumia bisibisi bapa taratibu. Usukume nyuma uone waya. Vuta kila waya kidogo kwa vidole: uliokatika ndani utarefuka kama raba, kwa sababu kinachoushika ni plastiki peke yake. Msaidizi wako akae ndani aangalie skrini gari likiwa R wakati wewe unazitikisa moja moja.

Ukiupata, usiungie hapo hapo penye kujikunja. Hili ndilo kosa la kila siku. Kiungo kilichochomewa kwa risasi ya kuyeyusha ni kigumu, kikikaa kwenye mkunjo waya utakatika pembeni yake kabla hata mwaka haujaisha. Kata upande wa bodi na upande wa mlango, weka kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, ili viungo viwili vikae nje ya mpira, kimoja ndani ya bodi na kimoja ndani ya mlango. Kama unaunga zaidi ya waya mmoja, viungo visikae usawa mmoja, vipishanishe ili pasitokee nundu. Ziba kwa mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake kwenye joto letu inayeyuka gundi na kufunguka.

Kebo ya picha ikiwa ndiyo iliyokatika, usihangaike kuiunga katikati, hasa lile ganda lake la nje. Pitisha kebo nyingine mpya, si ghali.

BintiTegeta

Kaka naomba msaada, nimechanganyikiwa. Nimenunua Harrier ikiwa na kamera yake ya kiwandani, ilikuwa inafanya kazi na redio ya Kijapani. Nikabadilisha redio nikaweka ya Android ili nielewe lugha. Tangu hapo kamera haionyeshi. Fundi amesema kesho anaunga waya wa kamera kwenye taa ya rivasi itawaka tu. Nimruhusu?

FundiWaUani

Dada, mpigie simu sasa hivi umwambie asubiri.

Kamera nyingi za kiwandani za Toyota hazitumii volti 12. Zinatumia kama 6, na umeme huo ulikuwa unatolewa na ile redio ya zamani. Soketi yake ina waya nne: umeme wa kamera, hasi ya kamera, chanya ya picha na hasi ya picha. Akiipa 12 ya taa inaweza kuungua papo hapo, na hiyo ni kamera nzuri kuliko nyingi utakazouziwa dukani.

Unachohitaji ni kebo ya kuunganishia kamera ya kiwandani ya Toyota na redio ya Android, yenye kisanduku kidogo cha kushusha volti kutoka 12 hadi 6. Waambie dukani hivyohivyo, na uende na picha ya soketi iliyokuwa nyuma ya redio ya zamani, maana zipo za maumbo tofauti. Ikishafungwa, kabla ya kuchomeka kamera, fundi apime kinachotoka kwenye kile kisanduku. Kisha kwenye mipangilio uweke CVBS, si AHD.

Na lile jaribio la balbu nililoandika juu lisifanywe kwenye waya huo wa volti 6. Ni la kamera zinazokula kwenye taa ya rivasi tu.

BintiTegeta

Nimempigia, amekubali kusubiri. Barikiwa sana.

MzeeWaFuso

Vijana mnahangaika. Sisi tumeendesha Fuso miaka yote kwa vioo na utingo, hatukuwahi kuhitaji televisheni ya kurudi nyuma. Kamera ni urembo.

FundiWaUani

Shikamoo mzee. Utingo ndiye alikuwa kamera yako, alishuka akasimama nyuma. Gari la nyumbani halina utingo. Nyuma ya bampa kuna eneo ambalo kioo chochote hakilioni, na mtoto wa miaka miwili anaenea humo amesimama wima, sembuse ameinama kuokota mpira.

Marekani walipitisha sheria, ikasainiwa mwaka 2008, iliyopewa jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyegongwa na gari la baba yake likirudi nyuma nyumbani kwao. Kwa kanuni iliyotokana na sheria hiyo, tangu Mei 2018 magari yote mapya madogo yanayouzwa kule lazima yawe na kamera ya nyuma, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Eneo linalotakiwa kuonekana ni kama mita 3 kwa upana na 6 kwa urefu nyuma ya gari.

Hizo sekunde 2 nawaomba wote mzitumie kama kipimo. Redio nyingi za Android asubuhi zinachukua muda kuamka. Ukiwasha gari ukarudi nyuma papo hapo, unaendesha bila kuona. Subiri picha itulie ndipo uachie breki. Na kwenye ua wenye watoto, kamera iwepo isiwepo, mtu ashuke kwanza azunguke gari.

MzeeWaFuso

Marahaba. Hapo kwa watoto nimekuelewa. Nina wajukuu.

Kipanga254

Wasee wa TZ, salamu kutoka Nairobi. Mimi niko na Volkswagen Golf, nimewekewa redio ya Android na kamera mpya. Picha inakuja lakini inachezacheza, inapotea na kurudi, mistari kibao. Nimebadilisha kamera mara ya pili, ni yaleyale. Hasi nimeikagua, iko sawa. Shida ni gani?

UmemeTanga

@Kipanga254 niruhusu nijibu hili, nalikuta sana kwa magari ya Ulaya. Volkswagen, BMW na Mercedes nyingi, taa za nyuma haziendeshwi na swichi ya moja kwa moja. Kompyuta ya gari ndiyo inayozipa umeme, na inautoa kwa mapigo ya haraka, unawaka na kuzima mara nyingi kwa sekunde. Balbu haijali, inawaka tu. Kamera inajali sana, inazimika na kuwaka na kila pigo. Maltimita inaweza kukuonyesha volti pungufu, 9 au 10 kwa mfano, kwa sababu inasoma wastani.

Tafuta rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kamera yenye kichujio, zinauzwa hivyo tayari zikiwa na kapasita ndani. Waya wa taa ya rivasi unaamrisha rilei tu, na kamera inakula umeme safi kutoka kwenye laini ya ACC (inayopata umeme swichi ya gari ikifunguliwa) yenye fyuzi yake. Au, kama redio yako ina kile kisanduku kinachosoma mawasiliano ya kompyuta ya gari, taarifa ya rivasi itatoka humo. Kamera uipe umeme wa ACC moja kwa moja na usiiguse taa kabisa. Njia ya pili naipenda zaidi kwa Golf, inapunguza pia yale maonyo ya balbu kwenye dashibodi.

Kipanga254

Hiyo imeeleweka kabisa. Kumbe ndio maana mita ilisoma 9 na kitu. Kisanduku kiko, kilikuja na redio. Nitaunga kamera kwa ACC.

MamaWaMapacha

Yangu inaonyesha ila ni kama ukungu, asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Gari naosha kwa mashine ya presha kila Jumamosi. Nikifuta kwa kitambaa haitoki.

FundiWaUani

Ukungu wa asubuhi usiofutika uko ndani ya lenzi, maji yameingia. Kamera iliyoandikwa IP67 imepimwa kuzama mita 1 kwa nusu saa, lakini mkondo wa presha ukielekezwa karibu ni kitu kingine kabisa. Mwambie anayeosha asisogeze ule mdomo kwenye kamera.

Itoe. Kama ina skrubu ndogo nyuma, ifungue, iache ikauke siku nzima mahali penye hewa pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiipulizie mashine ya nywele ya moto. Kufunga tena tumia silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula shaba za ndani. Kama imegandishwa kwa gundi pande zote, huna haja ya kuipasua, hapo ndipo nami nasema nunua nyingine.

Ikiwa lenzi imepauka kwa nje kwa jua, hilo ni jingine. Osha kwa maji na sabuni kwanza. Ikishindikana, dawa ya kung'arishia taa za mbele kidogo kwenye kitambaa laini, kwa mkono, taratibu. Inaondoa utando wa juu moja kwa moja, kwa hiyo iwe hatua ya mwisho. Thina na petroli zikae mbali na plastiki hiyo.

ZiwaniMwanza

Mkuu nimerudi. Nimefungua ule mpira. Waya mweusi wa kamera ulikuwa umekatika kabisa ndani ya plastiki, nikiuvuta unarefuka kama ulivyosema. Na wa taa ya namba nao umepasuka, shaba iko nje. Nimeunga kama ulivyoelekeza, viungo vikiwa nje ya mpira, nimepima na balbu inawaka safi. Kamera inaonyesha, nimebamiza mlango sana haipotei.

FundiWaUani

Safi sana. Huo wa taa ya namba uzibe leoleo, ukigusa bodi utakata fyuzi na taa za nyuma zinaweza kwenda nazo. Na kabla hujafunga plastiki za mlango, ongeza fyuzi ya ampea 1 au 2 kwenye waya mwekundu wa kamera, karibu na pale ulipoungwa kwenye taa ya rivasi. Siku kamera ikipiga shoti ndani, ikatike hiyo ndogo, taa zako za rivasi zibaki.

ZiwaniMwanza

Ninayo ya ampea 2 kwenye droo. Naiweka sasa hivi kabla giza halijaingia.